Ugonjwa wa mzio wa umio: Kwa nini huonekana zaidi katika baadhi ya maeneo?

Mtu anayehitaji maji kila anapomeza tonge la ugali au kipande cha nyama huenda akadhani kwamba hayo ni mazoea tu. Madaktari, hata hivyo, wanaonya kuwa hiyo inaweza kuwa dalili ya ugonjwa sugu wa umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ugonjwa huo hujulikana kitaalamu kama esofajitisi ya eosinofili.

Eosinofili ni aina ya chembechembe nyeupe za damu zinazohusika na mzio. Kwa kawaida hazikai katika ukuta wa umio. Kwa mgonjwa, chakula fulani, hasa maziwa na ngano, huzifanya zikusanyike hapo na kusababisha uvimbe. Uvimbe huo si saratani, lakini usipotibiwa huacha makovu na kuufanya umio uwe mwembamba.

Ugonjwa uliotambuliwa karibuni

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza kama ugonjwa wa pekee mwaka 1993, katika ripoti ya Stephen Attwood na wenzake, na tena mwaka 1994, katika ripoti ya Alex Straumann na wenzake nchini Uswisi. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walihesabiwa kuwa na kiungulia cha kawaida. Huwapata watoto na watu wazima, na wanaume huugua takriban mara tatu zaidi kuliko wanawake. Wengi wao pia wana pumu, ukurutu au mzio mwingine.

Tofauti kati ya maeneo

Idadi kubwa ya wagonjwa imeripotiwa Amerika Kaskazini, Ulaya Magharibi na Australia. Nchini Marekani, makadirio yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha takriban wagonjwa 57 katika kila watu 100,000. Nchini Japani na katika nchi nyingine za Asia ugonjwa huu ni nadra zaidi, ingawa umekuwa ukiongezeka.

Tofauti zipo hata ndani ya nchi moja. Utafiti wa mwaka 2012 uliochunguza sampuli za maabara kutoka sehemu mbalimbali za Marekani ulibaini kwamba ugonjwa ulionekana zaidi katika maeneo ya baridi, na kwa uchache zaidi katika maeneo ya kitropiki. Utafiti mwingine wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa wakazi wa maeneo yenye watu wachache walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukutwa na ugonjwa huo kuliko wakazi wa maeneo yenye msongamano.

Sababu za tofauti hizo bado zinajadiliwa. Miongoni mwa zinazotajwa ni chavua na mimea ya eneo husika, pamoja na matumizi ya antibiotiki utotoni. Aidha, baadhi ya tafiti zilihusisha bakteria wa tumboni aitwaye Helicobacter pylori, ambaye ameenea sana barani Afrika, na upungufu wa ugonjwa huu. Lakini tafiti nyingine hazikuthibitisha uhusiano huo.

Palipo na kipimo ndipo unapoonekana

Ugonjwa huu hauthibitishwi kwa dalili pekee. Daktari hulazimika kufanya endoskopia, yaani kuingiza mpira mwembamba wenye kamera hadi kwenye umio, na kuchukua vipande vidogo vya nyama hata kama ukuta wa umio unaonekana mzima. Vipande hivyo huchunguzwa kwa hadubini, na idadi ya eosinofili 15 au zaidi katika eneo moja la ukuzaji wa juu ndiyo kigezo cha ugonjwa. Mahali ambapo vifaa na wataalamu hao ni wachache, uchache wa wagonjwa katika takwimu hauthibitishi kwamba ugonjwa haupo.

Afrika Mashariki ina sababu nyingine ya kuangalia dalili hizi kwa makini. Ukanda huo ni miongoni mwa maeneo yenye saratani nyingi ya umio duniani, na magharibi mwa Kenya saratani hiyo imewapata hata watu wenye umri wa chini ya miaka 30. Kwa hiyo dalili ileile, chakula kukwama, inaweza kumpeleka daktari wa Bomet kwenye dhana moja na daktari wa Zurich kwenye dhana nyingine. Kwa mtu aliyehama kutoka eneo moja hadi jingine, vipimo ndivyo vinavyoamua. Tafiti kadhaa za Marekani zimeonyesha pia kuwa wagonjwa weusi huwa na dalili zilizozoeleka za ugonjwa wa mzio wa umio kwa uchache zaidi, jambo linaloweza kuchelewesha utambuzi.

Gharama ya kuchelewa

Utafiti uliofanyika Uswisi na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha athari za ucheleweshaji huo. Miongoni mwa waliotambuliwa ndani ya miaka miwili tangu dalili kuanza, takriban asilimia 17 walikuwa na umio uliobanwa. Kwa waliokaa zaidi ya miaka 20 bila kutambuliwa, kiwango kilifikia takriban asilimia 71.

Matibabu yapo. Hujumuisha dawa za kupunguza asidi, dawa za steroidi zinazomezwa ili zifanye kazi kwenye umio wenyewe, na kuacha vyakula vinavyochochea mzio kwa usimamizi wa mtaalamu. Mwezi Mei 2022 Marekani iliidhinisha pia dawa ya sindano iitwayo dupilumab.

Mtu anayetafuna kwa muda mrefu kupita kiasi, anayekwepa nyama, au mtoto anayekataa chakula na kutapika mara kwa mara, anashauriwa kumwona daktari. Chakula kinapokwama kiasi cha mtu kushindwa kumeza hata mate, hiyo ni dharura: anapaswa kufikishwa hospitali mara moja.