Moto wa Warongo

Katika nchi iliyo kusini magharibi mwa Ziwa Viktoria, ambayo sehemu yake imo leo katika wilaya ya Biharamulo, Warongo walisifika kwa kuyeyusha chuma. Majembe yao yalifika Usukumani, na yalihesabiwa hata katika mahari. Majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yaliuzima moto huo. Swali likabaki: je, wayeyushaji waliujua moto, au walibahatisha tu?

Tuanze na makaa. Kuni zikitiwa motoni hutoa lami na hewa za haidrokaboni. Hewa hizo haziwaki kwa hatua moja. Huvunjika kwanza kuwa vipande vyenye njaa, viitwavyo radikali, ambavyo umri wao ni mfupi mno kuliko kupepesa kwa jicho. Mwaka 1929, huko Berlin, Paneth alithibitisha kuwapo kwa methili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu, kwa namna ilivyokula utando wa risasi katika bomba la kioo. Mwaka 1981 wataalamu wa Kijapani waliipima methili hiyo kwa leza ya mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Kila kifungo cha atomu hutikisika kwa mwendo wake, hunywa mwanga wa mwendo huo huo, na hivyo hujitaja jina.

Mchoma makaa aliziondoa hewa hizo kabla ya kazi, asipate kuiona radikali hata moja. Ndani ya tanuru makaa mengi yalikuta oksijeni haba, ikazaliwa kaboni monoksaidi, nayo ikayanyang'anya mawe ya chuma oksijeni yake.

Kwa jirani zao Wahaya, wazee walijenga tanuru tena mwaka 1976 mbele ya Peter Schmidt. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mirija ya udongo, kwa kuingizwa ndani sana ya tanuru, iliipasha joto hewa ya mivukuto kabla haijatoka. Wataalamu wengine walipinga. Mimi nauona ubishi huo kuwa heshima: anayepinga hana budi kupima, na wasafiri wa zamani, walioandika juu ya ushenzi wa mafundi hawa, hawakupima kitu.

Wazee wale walichoma pia matete ya bwawani katika shimo la tanuru, yawe kitanda cha kaboni chini ya madini. Na katika mabonge ya taka za chuma ya kale yaliyofukuliwa Buhaya, alama za mabua ya matete zingali zasomeka.