Pacejka, mhandisi aliyeliandikia tairi kanuni

LORI linalotoka Tunduma kwenda Dar es Salaam hupita Mbalizi na jiji la Mbeya, likafika Makambako na Iringa, kisha likateremka Mlima Kitonga, ambako barabara imechongwa ubavuni mwa mlima na kona hufuatana karibu karibu. Katika safari yote hiyo kinacholishikilia barabarani ni vipande vya mpira vinavyogusa lami. Kwa gari dogo, kipande hicho hakizidi sana kiganja cha mkono kwa kila gurudumu.

Mtu aliyetumia maisha yake ya kazi kueleza kwa hesabu kinachotokea katika vipande hivyo ni Hans Bastiaan Pacejka, mhandisi mitambo wa Uholanzi. Alizaliwa Septemba 12, 1934 na kufariki dunia Septemba 17, 2017, siku tano baada ya kutimiza miaka 83.

Pacejka alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft. Tasnifu yake ya udaktari, ya mwaka 1966, ilihusu gurudumu linalojitikisa lenyewe kushoto na kulia. Ni tatizo linalosumbua magari, pikipiki na hata gurudumu la mbele la ndege. Mwaka 1972 lilianzishwa jarida la Vehicle System Dynamics, naye akawa mhariri wake mkuu hadi 1989.

Jina lake, hata hivyo, lilienea kutokana na kanuni iliyochapishwa mwaka 1987, baada ya utafiti ulioishirikisha kampuni ya Volvo ya Sweden. Wahandisi huiita Kanuni ya Ajabu. Jina hilo lina ukweli wa kukiri ndani yake: kanuni haikutokana na sheria yoyote ya fizikia, bali ilichaguliwa kwa sababu mchoro wake ulilingana vizuri mno na vipimo vya matairi halisi.

Mchoro huo unasema nini? Dereva anapokanyaga breki, tairi huzunguka polepole kidogo kuliko mwendo wa gari, na tofauti hiyo ndiyo inayozaa nguvu ya kusimamisha. Kwenye lami kavu nguvu hufikia kilele tofauti inapokuwa takriban asilimia 10 hadi 20. Ikizidi hapo, nguvu hupungua. Gurudumu likifunga kabisa, tairi huburuzika tu, wala halisikii tena usukani.

Jambo la pili ni zito zaidi kwa anayeteremka Kitonga. Tairi lina akiba moja tu ya mshiko, na breki na kona zote huchota humo humo. Dereva anayefunga breki kwa nguvu akiwa katikati ya kona hulinyang'anya tairi uwezo wa kukata kona. Kwa lori lenye tela hatari ni kubwa zaidi, kwani magurudumu ya nyuma ya kichwa yakifunga hushindwa kuzuia kwenda upande, tela husukuma kutoka nyuma, na gari zima hujikunja. Ndiyo maana dereva mzoefu hupunguza mwendo na kuingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza, iwe Kitonga au Iwambi, Mbeya, hata kama hajapata kulisikia jina la Pacejka.

Watengenezaji wa magari huitumia kanuni hiyo kwenye kompyuta kujaribu breki na usukani kabla gari lenyewe halijaundwa. Pacejka aliyakusanya maarifa hayo katika kitabu, Tyre and Vehicle Dynamics, kilichotoka mwaka 2002.

Kanuni ina mpaka wake. Namba zake hupatikana kwa kulipima tairi husika, kwenye pipa la chuma linalozunguka au kwa gari maalumu barabarani. Tairi likiwa kipara, likivikwa mpira upya au likipungua upepo, namba za awali hazilifai tena. Tanzania iliwahi kuwa na kiwanda chake, General Tyre cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1969 na kusimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000. Matairi mengi yanayopanda Kitonga leo yametengenezwa, na kupimwa, katika nchi nyingine.