Pipi za Watoto Kwenye Mkoba wa Askari

Kila tarehe 31 Oktoba, watoto wa Marekani huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Ndiyo sikukuu ya Halloween. Mtoto mmoja hurudi na mfuko asioweza kuumaliza, na siku zinazofuata sehemu ya pipi hizo hufungwa kwenye maboksi na kupelekewa wanajeshi walio mbali na kwao.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1942, Vita Kuu ya Pili ikiwa imepamba moto, serikali ilianza kugawa sukari kwa kuponi. Mchezo wa kuomba pipi, uliokuwa ndiyo kwanza unaenea, ukafifia. Nani angekuwa na sukari ya kugawia watoto wa jirani? Mgao huo ulidumu hadi 1947, miaka miwili baada ya vita kwisha.

Askari, kwa upande wake, alikuwa na chokoleti mfukoni. Lakini haikuwa ya kujiburudisha. Mwaka 1937, Kapteni Paul Logan wa jeshi la Marekani alikiendea kiwanda cha chokoleti cha Hershey huko Pennsylvania na kuagiza kipande cha wakia 4, chenye kalori 600, kisichoyeyuka kwenye joto kali, na ladha yake izidi kidogo tu ile ya kiazi cha kuchemsha. Alihofu kwamba ikiwa tamu, askari ataila yote kabla ya kufikwa na dharura. Alipata alichotaka. Kipande kilikuwa kichungu, tena kigumu hata wengine wakawa wanakikwangua kwa kisu kabla ya kukitia mdomoni. M&M's, pipi zilizoanza kutengenezwa 1941 zikiwa na ganda la sukari lililozuia chokoleti kuyeyuka, ziliwafaa askari zaidi.

Mtoto alianza kumpa askari pipi miaka sitini hivi baadaye. Mwaka 2003, vita vya Iraq vilipoanza, Carolyn Blashek wa Los Angeles alianzisha Operation Gratitude nyumbani kwake, akifunga vifurushi vya askari. Mwaka 2005 daktari wa meno wa Wisconsin, Chris Kammer, alianza kununua pipi za Halloween kutoka kwa watoto, dola moja kwa kila ratili, ili kuokoa meno yao. Madaktari wenzake wakamfuata, na pipi zikaelekezwa kwa wanajeshi kupitia Operation Gratitude. Na meno ya askari je? Swali hilo ni la haki, na miswaki nayo imekuwa ikitiwa kwenye vifurushi.

Si pipi zote zilizoliwa na askari. Huko Iraq na Afghanistan waliwagawia watoto wa huko, na hapo ndipo utamu ulipogeuka msiba. Tarehe 13 Julai 2005, jijini Baghdad, mtu aliyejitoa mhanga alilipua gari mahali ambapo watoto walikuwa wamewazunguka askari waliokuwa wakigawa pipi. Waliuawa watu zaidi ya 20, wengi wao watoto. Kwa maoni yangu, askari mwenye silaha hapaswi kamwe kuwakusanya watoto kwa pipi katika nchi iliyo vitani.

Kwa ndugu zetu wanaolea watoto Marekani: mkichangia, toeni pipi ambazo hazijafunguliwa, tengeni chokoleti kwa sababu ya joto, na mwacheni mtoto aamue mwenyewe atoe ngapi. Kisha mpeni karatasi amwandikie askari barua kwa mkono wake.