Sola Kidugala: Piga hesabu ya wati kabla ya kumlipa fundi

Uko Kidugala na unataka kufunga sola? Usianze kwa kuulizia bei ya paneli Makambako au Njombe mjini. Chukua kalamu, andika kila kifaa chako, wati zake na saa unazokitumia.

Tuchukue nyumba ya kawaida. Taa 5 za LED za wati 7, zikiwaka saa 5, zinakula wati-saa 175. TV ya wati 50 kwa saa 4 ni 200. Simu tatu, weka 45. Jumla 420 kwa siku. Pasi hatujaigusa, na bora tusiiguse: ya wati 1,000 kwa nusu saa tu inakula 500, zaidi ya vyote hivyo. Pasi ya mkaa usiitupe.

Umeme mwingine hupotea njiani, kwenye nyaya, betri na inverta. Gawanya 420 kwa 0.7, unapata 600. Msimu wa mvua mawingu ni mengi, hivyo hesabu saa 4 tu za jua kamili: 600 gawanya kwa 4, ni paneli ya wati 150. Baridi ya Njombe isikutishe. Paneli inataka mwanga, na ikiwa ya baridi inafanya kazi vizuri kuliko ikichemka. Iinamishe kidogo kuelekea kaskazini, maana tuko kusini mwa ikweta.

Kwenye betri ndipo hela ya parachichi inapopotea kimya kimya. Ukitaka akiba ya siku mbili za mawingu unahitaji wati-saa 840, yaani Ah 70 kwa betri ya volti 12. Ila betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo tafuta ya Ah 150. Ya lithiamu, Ah 100 inatosha. Ni ghali dukani lakini inadumu zaidi. Linganisha bei kwa miaka 10, kwani ya asidi huenda ukainunua mara mbili au tatu.

Kama nguzo ya TANESCO iko jirani, ulizia kwanza. Kuunganishiwa umeme vijijini ni Sh27,000, mbali na gharama za kufunga nyaya ndani.

Ukiamua sola, fundi asikupe bei ya "seti nzima". Akuandikie paneli, betri, kontrola ya chaji, inverta, nyaya na ufundi, kila kimoja na bei yake. Kwenye seti, betri ndogo hujificha kirahisi sana.