Volteji, mkondo na nguvu katika sakiti ya mfululizo

Ngeli: mkondo (U-I), volteji, nguvu, sakiti (I-ZI), kikinza (KI-VI), ukinzani (U).

Katika mazungumzo ya kila siku neno *umeme* hubeba mambo matatu. Taa ikififia, husemwa *umeme ni mdogo*. Mtu akiguswa na waya ulio wazi, husemwa *umeme umempiga*. Pasi husemwa *inakula umeme*. Kauli ya kwanza kwa kawaida huhusu volteji, ya pili mkondo uliopita mwilini, na ya tatu nguvu. Katika maandishi ya fizikia mambo haya hayana budi kutenganishwa.

Maana

*Mkondo* ni kiasi cha chaji kinachopita mahali fulani kwa sekunde moja. Kizio chake ni ampea. Kama mkondo wa maji, nao hupita, huingia na hutoka.

*Volteji* ni tofauti ya msukumo wa umeme baina ya nukta mbili. Kizio chake ni volti. Kwa kuwa ni tofauti, haipiti popote: huwapo *baina ya* ncha mbili.

*Nguvu* ni kasi ya kubadilishwa kwa nishati, na kizio chake ni wati. Hupatikana kwa kuzidisha volteji kwa mkondo. Isichanganywe na *kani*, yaani msukumo au mvuto unaotenda juu ya kitu, ingawa katika lugha ya kawaida nguvu hutumika kwa maana zote mbili.

Mfano

Vikinza viwili, ambavyo mafundi huviita rezista, vimeungwa mfululizo na betri ya volti 12. Kimoja kina ukinzani wa omu 2 na kingine omu 4. Kwa kuwa njia ni moja, ukinzani hujumlishwa: omu 6. Kwa kanuni ya Ohm, mkondo ni 12 ÷ 6, yaani ampea 2, na ni uleule katika kila sehemu ya sakiti.

Volteji hugawanyika kwa uwiano wa ukinzani: volti 4 baina ya ncha za kikinza cha kwanza, volti 8 baina ya ncha za cha pili, jumla 12. Nguvu nayo hufuata uwiano huo: wati 8 na wati 16, jumla wati 24, ambazo ndizo zinazotolewa na betri.

Makosa ya kawaida

1. *Volteji inayopita katika kikinza ni volti 8.* Sahihi: *Volteji baina ya ncha za kikinza ni volti 8.* Kosa hili humfanya mwanafunzi afikirie volteji kuwa kitu kinachotiririka, kisha akaunganisha voltimita mfululizo kama ampea-mita. Voltimita huunganishwa sambamba, ncha kwa ncha.

2. *Mkondo hupungua kila unapopita katika kikinza.* Sahihi: *Mkondo unaoingia katika kikinza ni sawa na unaotoka.* Kuongeza kikinza hupunguza mkondo wa sakiti nzima, kabla na baada ya kikinza hicho. Kinachotumika ni nishati, nayo katika kikinza hugeuka joto.

3. *Mkondo hugawanyika katika sakiti ya mfululizo.* Sahihi: *Volteji hugawanyika katika sakiti ya mfululizo.* Mkondo hugawanyika katika sakiti sambamba, ambako njia ni zaidi ya moja.

Tanbihi kwa mfasiri

Usemi *kikinza kikubwa* una utata, kwani haujulishi kama kilicho kikubwa ni umbo, ukinzani au nguvu ambayo kikinza kinaweza kuhimili. Vikinza viwili vya omu 4 vinaweza kutofautiana sana kwa umbo, kwa kuwa kinachohimili wati nyingi huhitaji eneo kubwa zaidi la kutolea joto. Katika mfano ulio hapo juu, kikinza cha omu 4 kilichotengenezwa kuhimili wati 10 kingepewa wati 16. Kingepata joto kupita kiasi na huenda kikaungua, ijapokuwa ukinzani wake ni sahihi. Kwa hiyo iandikwe *kikinza chenye ukinzani mkubwa* au *kikinza cha wati nyingi*, kulingana na maana iliyokusudiwa. Fundi anayefuata maelekezo yaliyotafsiriwa hana njia nyingine ya kujua ni kipi anachopaswa kununua.