Jina la Kiwanga Bondeni Kilombero



Hapa bondeni Wapogoro, Wambunga, Wandamba na Wabena tu majirani, na majina ya koo zetu hubeba historia. Jina la Kiwanga ni la watawala wa Wabena wa Mtoni, walioshuka bondeni katika karne ya 19. Mwaka 1905, Wapogoro na Wambunga walipoishambulia boma ya Mahenge katika Vita vya Maji Maji, Mtema Kiwanga alikuwa upande wa Wajerumani. Mtema Towegale Kiwanga aliandika sura ya kitabu kuhusu Ubena, kilichochapwa London mwaka 1935. Mwaka 2015 Mlimba ilichagua mbunge mwenye jina hilohilo.

Jina hurithiwa, uhasama usirithiwe. Tuwasimulie watoto wetu yote, bila kuficha wala kulaumiana.