Ndege za Mfano na Askari

Mtu apandapo vilima vya Kalama, kusini ya mji wa Machakos, katika mwezi wa Julai, hahitaji kuuliza upepo watoka wapi. Huinamisha majani, hupeperusha vumbi la njiani, na watoto wachungao mbuzi huufanya mwenzao wa kucheza. Huchukua bua la mahindi na kipande cha karatasi, wakaunda kipanga kizungukacho, kisha hushuka nacho mbio mpaka pumzi ziwaishe. Mimi nilizaliwa huko, na nilikimbia na kipanga kama hicho. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nimeshika mkononi sura ya kwanza ya historia ndefu.

Baadaye nilipokuwa mwalimu katika chuo cha ualimu, wanachuo walikuja kuniomba ruhusa ya kuanzisha chama cha kurusha ndege za mfano. Nililipeleka ombi lao katika mkutano wa walimu, na hapo palitokea maneno mawili yaliyopingana. Mwalimu mmoja alisema kwamba huo ni mchezo wa watoto, na kwamba watu wanaojiandaa kufundisha hawana wakati wa kupoteza. Mzee mmoja, aliyepata kuwa askari kabla ya kuwa mtunza ghala wetu, alisema kinyume. Alisema, "Waalimu, jambo hilo si mchezo hata kidogo. Huo ni mwanzo wa vita. Vitu vidogo virukavyo leo ndivyo viuavyo watu kesho." Niliombwa nijibu, nami nikaomba muda wa wiki moja nisome. Insha hii ni jibu langu.

Yatupasa kuanza na swali hili: kipi kilitangulia, ndege kubwa au ndege ndogo? Wengi hudhani kwamba ndege ya mfano ni mwigo wa ndege ya kweli, kama mwanasesere alivyo mwigo wa mtoto. Historia yatuonyesha vingine. Katika mwaka wa 1804 Mwingereza George Cayley aliunda ndege ndogo ya kurusha kwa mkono, yenye bawa mbele na mkia nyuma, na umbo hilo ndilo tulionalo hata leo katika ndege nyingi. Katika mwaka wa 1871 kijana Mfaransa, Alphonse Pénaud, alifunga rafadha ndogo kwenye kijiti, akaizungusha kwa uzi wa mpira uliosokotwa, akaiachilia mbele ya watu katika bustani moja ya Paris. Iliruka kama meta 40 kwa muda wa sekunde 11. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walipokuwa watoto waliletewa na baba yao chombo cha kuchezea cha namna ya Pénaud. Walikichezea mpaka kikavunjika, wakaunda vingine. Tarehe 17 Desemba, 1903, Orville aliruka katika ndege yenye injini kwa muda wa sekunde 12, akaenda meta 36 hivi.

Msomaji, linganisha hesabu hizo. Kijiti cha Pénaud kilikwenda mbali kuliko safari ya kwanza ya ndege yenye mtu ndani. Kitu kidogo kilitangulia miaka 32, kikafungua njia. Basi mwalimu aliyesema kwamba huu ni mchezo wa watoto alisema kweli, lakini hakumaliza maneno: ni mchezo uliofundisha watu wazima kuruka.

Sasa tumwendee yule mzee, maana hoja yake ni nzito zaidi. Je, askari walizifanyia nini ndege ndogo?

Kwanza walizifanya shabaha. Wapiga mizinga ya kutungulia ndege hawawezi kujifunza kazi yao kwa kupiga ndege zenye watu. Kwa hiyo katika mwaka wa 1935 Waingereza walitoa ndege iliyoitwa Queen Bee, iliyoongozwa kwa redio pasipo rubani. Huko Marekani, Reginald Denny, mwigizaji wa sinema aliyepata kuwa mwanajeshi wa anga wa Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, alikuwa na duka la ndege za mfano. Kutokana na mchezo huo akaunda ndege ndogo za shabaha, na katika Vita Vikuu vya Pili jeshi la Marekani lilinunua maelfu yake. Ndege zisizo na rubani zinazotumika vitani siku hizi ni wajukuu wa vyombo hivyo. Hapa sina budi kukiri kwamba mzee wetu hakukosea.

Pili, walizifanya kitabu cha kusomea. Askari mwenye mzinga akiona ndege ikija huwa na nafasi ndogo sana ya kuamua: ni ya adui au ni ya wenzetu? Akikosea, huua ndugu zake, na makosa ya namna hiyo yalitokea. Katika mwaka wa 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule za sekondari wachonge ndege za mfano 500,000 za mbao, kwa kipimo cha moja kwa 72, zipakwe rangi nyeusi. Sababu ya kipimo hicho ni hesabu nyepesi. Ndege ya mfano ikiwekwa meta 10 mbele ya macho huonekana kwa ukubwa uleule wa ndege ya kweli iliyo umbali wa meta 720. Hivyo askari aliweza kujifunza maumbo ya ndege akiwa ameketi darasani. Vijana wa umri wenu, kwa kisu na msasa, walisaidia kuzuia watu wasiuawe kwa kosa la macho.

Tatu, na hili ndilo linalotugusa sisi wa Kenya, ufundi wa mikono uliwapa mateka tumaini. Katika ngome ya Colditz, huko Ujerumani, walifungwa maofisa waliokwisha jaribu kutoroka katika kambi nyingine. Miongoni mwao alikuwa Jack Best, aliyekuwa mkulima hapa Kenya kabla ya kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Alitekwa mwaka wa 1941, na mwaka uliofuata alitoroka kwa handaki pamoja na mwenzake Bill Goldfinch, wakakamatwa tena na kupelekwa Colditz. Huko ofisa mwingine, Tony Rolt, alitambua kwamba paa la kanisa la ngome halikuonekana na walinzi. Wazo likazaliwa: waunde ndege isiyo na injini, iruke kutoka paani na kuvuka mto Mulde ulio chini.

Goldfinch alipata katika maktaba ya gereza kitabu cha kueleza hesabu za kuunda ndege. Kazi ilianza mwaka wa 1944, ndani ya chumba cha juu kabisa chini ya paa, nyuma ya ukuta wa bandia walioujenga wenyewe. Hawakuwa na zana. Utepe wa chuma wa gramafoni ulifanywa msumeno, mbao za vitanda na za sakafu zilifanywa mbavu za mabawa, na nyaya za umeme zilifanywa kamba za usukani. Kitambaa kilitoka katika mifuko yao ya kulalia. Lakini kitambaa kitupu hupitisha hewa, na hawakuwa na dawa ya kukikaza. Wakachukua uwele waliopewa kuwa posho, wakaupika uji, wakaupaka juu ya kitambaa. Ulipokauka, kitambaa kilikaza kama ngozi ya ngoma. Sisi tuliokua kwa uji wa uwele twaweza kuelewa vema jambo hilo.

Mabawa yalikuwa na urefu wa karibu meta 10 toka ncha hata ncha, na ndege nzima ilikuwa na uzito wa kilo 109. Ingerushwa kwa kamba na kapi, ikivutwa na hodhi la kuogea lililojazwa zege na kuangushwa kutoka juu. Haikurushwa. Tarehe 16 Aprili, 1945, askari wa Marekani waliikomboa ngome, na ndege ikabaki pale juu. Baadaye ilipotea, isibaki ila picha.

Je, ingeruka? Watu waliuliza swali hilo kwa miaka mingi, na jibu lilitoka kwa warushaji wa ndege za mfano. Katika mwaka wa 1993 mfano wa thuluthi moja ulirushwa kutoka paa lilelile. Mwaka wa 2000 nyingine ya ukubwa kamili iliruka Uingereza, ikiwa na rubani, mbele ya Best, Goldfinch na Rolt, ambao walikuwa wazee. Mwaka wa 2012 nyingine tena, ikiongozwa kwa redio, iliachiliwa kutoka ngome ya Colditz, ikavuka mto na kutua kondeni. Mateka wale walikuwa wamehesabu sawasawa.

Siku hizi majeshi ya Uingereza ya anga, ya nchi kavu na ya majini yana vyama vya kurusha ndege za mfano, na hushindana. Uendeshaji wa chama kama hicho una mafunzo yake. Zamani ndege mbili zikitumia wimbi moja la redio, mmoja alipowasha chombo chake ndege ya mwenziwe ilianguka. Kwa sababu hiyo uwanjani uliwekwa ubao wenye vibanio, kila wimbi na kibanio chake. Asiye na kibanio hakuruhusiwa kuwasha redio, awe kuruti au awe kanali. Upepo haujui cheo cha mtu. Redio za siku hizi hutafuta nafasi zenyewe, lakini adabu ya kungoja zamu haijapitwa na wakati.

Hapa kwetu Jeshi la Anga la Kenya liliundwa tarehe 1 Juni, 1964, na kituo chake cha Eastleigh kilikuwa kwanza cha jeshi la anga la Uingereza. Wakamba wengi wamekuwa askari tangu siku za K.A.R. Tena husimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji huko Tanganyika alipokwenda katika Vita Vikuu vya Kwanza, akarudi na ufundi uliokuja kulisha nyumba nyingi za Ukambani. Alikwenda kwa sababu ya vita, lakini alichorudi nacho kilikuwa patasi.

Hilo ndilo neno nililompa yule mzee. Nilimwambia, "Mzee wangu, umesema kweli kwamba mkono uundao ndege ndogo waweza kuunda silaha. Lakini mkono huohuo ulipika uji wa uwele ili mfungwa awe huru. Tukiwakataza vijana kuunda, hatutakomesha vita. Tutakuwa tumewanyima ufundi tu." Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi awepo mtu wa kuwatazama."

Chama kilianzishwa, na mtu wa kuwatazama alikuwa yeye mwenyewe. Aliomba apewe kibanio kimoja cha nguo, akakitundika kwenye msumari. Asiyekishika harushi, hata akiwa mwalimu.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mtaka cha angani, nadhani, ni vivyo hivyo: huinamia meza kwanza, na kisu na gundi mkononi, kabla hajainua uso wake kuutazama upepo wa Kalama.